Nati Mbili

Ukiingia katika karakana yoyote ya mageti na madirisha mjini Bukoba, iwe Kashai, Hamugembe au Rwamishenye, hebu chungulia chini ya meza ya kazi. Hutakosa kopo la rangi lililojaa biti za drili. Kuna za milimita 4, za 6, za 10. Chache zimekatika shingo, lakini nyingi ni nzima kabisa, zimekosa makali tu. Mwulize mwenye karakana. Atakujibu bila hata kugeuka, "Hizo zimekufa bwana," kisha atamtuma kijana dukani akanunue nyingine.

Mimi nabisha. Biti yenye urefu wa kutosha haijafa, inasubiri jiwe. Kinachokufa ni ule ufundi wa kuirudishia makali, na ukifa huo hakuna duka linalouuza. Naomba basi nafasi katika kurasa hizi zetu vijana niseme habari za kitu kisichozidi ukubwa wa kidole. Nina sababu. Kitu hicho kina mkono katika habari ya vidole viwili vya mjomba wangu.

Mjomba ana mashine ya kusaga mahindi katika kijiji kimoja wilayani Muleba, ukishapita Muhutwe na kuiacha lami kushoto kwako. Ni injini ya dizeli ya aina ile inayolia tu-tu-tu hadi bondeni, mkanda mmoja mrefu, na kinu. Injini imefungwa juu ya bamba nene la chuma lililolazwa kwenye zege. Kwa kuwa chini ya bamba ni zege, huwezi kupitisha mkono ukafunga nati. Kwa hiyo bamba lenyewe hutobolewa, halafu matundu hukatwa thredi kwa tepu, na bolti zikaingia humo moja kwa moja. Bolti nne za milimita 12 ndizo zinazoishikilia injini isitembee.

Katikati ya mwaka 2017 bolti hizo zilianza kulegea. Mjomba alikuwa akizikaza asubuhi, jioni zimelegea tena. Siku moja mbili ziling'oka kabisa pamoja na meno yake, injini ikajisogeza upande, mkanda ukapinda. Mjomba aliona mkanda unataka kuruka, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkanda ukauchukua ule mkono hadi kwenye puli. Alipoutoa, kidole cha mwisho na jirani yake havikuwepo.

Sitaki kudanganya kwamba biti peke yake ndiyo iliyomkata. Mkanda ule haukuwa na wavu wa kukinga watu, na injini inayotetemeka inafaa kuzimwa kwanza ndipo uisogelee. Lakini nilipofika na kupima yale matundu kwa kalipa nilipata jibu la kwa nini bolti hazikukaa. Kwa bolti ya milimita 12 yenye meno ya kawaida, tundu la kukatia thredi linatakiwa liwe na upana wa milimita 10.2. Haya yalikuwa na zaidi ya 11. Tundu likipanuka namna hiyo, tepu haipati chuma cha kukata. Inakwaruza tu, na meno yanatoka mafupi, hayafikii nusu ya kimo chake. Kwa macho bolti imeingia, na spana inakaza. Lakini inashikilia kwa kucha.

Fundi aliyetoboa simtaji. Alikuwa mtu mkweli, akanitolea biti yenyewe niitazame. Imeandikwa 10.2 kwenye shina lake, sawasawa kabisa. Ila ncha ilikuwa imenolewa kwa haraka, ubavu mmoja umeuzidi mwenzake kwa milimita moja na ushee. Hapo ndipo ilipo siri yote ya habari hii, naomba twende polepole.

Biti ina midomo miwili. Ni ile mistari miwili ya makali inayoanzia katikati ya ncha na kushuka hadi pembeni, mmoja huku na mwingine kule. Ikizunguka, kila mdomo unakata nusu ya kazi. Midomo ikilingana, ncha inakaa katikati na tundu linakuwa na upana ule ulioandikwa kwenye shina. Mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, ncha inahama katikati. Sasa biti inazunguka juu ya ncha iliyokaa upande, na ule mdomo mrefu unachora duara kubwa zaidi. Ncha ikihama kwa nusu milimita, tundu linapanuka kwa milimita nzima. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, haina uchawi. Na ikiwa urefu umelingana lakini mteremko haulingani, mdomo mmoja utafanya kazi zote huku mwingine ukisindikiza. Huo unaofanya kazi utachoka mapema, na biti "itakufa" tena kabla ya jua kuzama.

Wakati mjomba anaumia nilikuwa na miezi kama minane katika karakana moja ya Bukoba. Nilianza mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya lile tetemeko la tarehe 10 Septemba lililopasua nyumba nyingi za mji wetu na vijiji vyake. Milango, madirisha na vyuma vya kuezekea vilikuwa vinatakiwa kila kona, na vijana tuliomaliza shule bila mpango tulipata pa kushika. Katika karakana hiyo palikuwa na mzee ambaye kazi yake, ukimtazama kwa haraka, ilikuwa kukaa kwenye benchi, kutafuna kahawa na kusikiliza. Nasema kusikiliza kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha. Ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona kuanzia pembeni kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wakati ule alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Mzee huyu alikuwa ndiye mnoaji. Mafundi wakubwa walimletea biti zao wenyewe, wakasimama pembeni kwa adabu. Alikuwa hatazami ncha. Aliigusa kwa ukucha wa dole gumba, upande huu, kisha upande ule, akasema, "Huu mdomo umeanguka." Halafu akawasha jiwe.

Vijana pale kijiweni tulikuwa tunasema mzee ana kipaji. Nilimwambia hivyo siku moja, nikidhani namsifu. Akacheka sana.

"Kipaji hakina kipimo, kijana. Nikifa nacho utakipima kwa nini?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kamba yenye nati mbili. Zilikuwa nati za kawaida za pembe sita, saizi moja, zimebandikwa ubavu kwa ubavu kwa tone moja la kuchomelea. Akanipa. "Macho yangu yanakwenda. Hizi haziendi popote."

Ndugu msomaji, chukua nati mbili uzione mwenyewe. Kila pembe ya nati ina nyuzi 120. Ukizilaza bapa kwa bapa, pale zinapokutana panatokea bonde, na bonde hilo nalo lina nyuzi 120. Ncha ya biti ya kawaida kutoka kiwandani ina nyuzi 118, yaani 59 kila upande ukipima kutoka mstari wa katikati. Tofauti ya nyuzi mbili haimsumbui fundi wa mageti wala wa mashine ya kusaga. Kwa hiyo ukiisimamisha biti katika bonde lile na kuielekeza kwenye mwanga, unaona mara moja kama kuna upande unaoacha upenyo. Kipimo kinachouzwa dukani kinafanya kazi hiyohiyo, na chenyewe kina mistari ya kupimia urefu wa midomo. Sisi urefu tulipima kwa rula ndogo ya chuma. Nati kwa mteremko, rula kwa urefu. Basi.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe, maana najua wapo wasomaji wanaotaka kujaribu kesho.

Kwanza, jiwe liwe zima. Kabla halijafungwa, lining'inize kidoleni uligonge kwa mpini wa mti. Zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Lenye ufa lisifungwe kabisa, kwa sababu likizunguka kwa kasi hupasuka na vipande hufika kokote. Ukiwasha, usisimame mbele yake mpaka likolee mwendo. Vaa miwani. Glovu vua, kwani jiwe likikamata kitambaa linavuta na mkono. Ile meza ndogo ya kuegemeza kazi iwe karibu na jiwe, mwanya usizidi milimita 3. Na uso wa jiwe uwe umenyooka. Jiwe lenye mfereji katikati halinoi biti, linaiharibu. Kuna kifaa cha magurudumu ya meno cha kulisawazisha, nacho kitumike bila uvivu.

Pili, shika biti vizuri. Mkono wa kushoto, kama hutumii mashoto, unakaa juu ya ile meza, vidole vikiibeba biti karibu na ncha. Huo mkono ndio bawaba. Wa kulia unashika shina. Geuza biti mpaka mdomo unaotaka kuunoa ulale sambamba na ardhi, kisha elekeza shina upande hadi mdomo wote uguse uso wa jiwe kwa pamoja. Hizo ndizo nyuzi 59. Mzee alichora mstari wa chaki juu ya meza ile kuonyesha mwelekeo, nami nafuata mstari hadi leo.

Tatu ndiyo ngumu. Gusa jiwe kwa mdomo, kisha teremsha shina taratibu, kidogo tu, ili jiwe litoke kwenye makali na kwenda nyuma yake. Lengo ni kuifanya sehemu ya nyuma iwe chini kuliko makali kwa nyuzi kama 12. Bila mteremko huo, kisigino cha biti kitagusa chuma kabla ya makali, biti italia na kuchemka bila kukata. Ukizidisha, makali yanakuwa membamba kama wembe, yanamomonyoka kwenye chuma kigumu. Usilipeleke shina juu. Wengi wanaoanza huinua badala ya kuteremsha, ndiyo maana biti zao zinang'aa vizuri na hazikati hata bati.

Nne, hesabu. Pitisha mara tatu upande huu, geuza nusu mzunguko, pitisha mara tatu upande ule, kwa nguvu ileile. Mzee alikuwa anahesabu kwa sauti, na ukikosea hesabu alijua kwa sikio kabla hujajua wewe. Upande uliobonyezwa sana, jiwe linashuka sauti. "Umeuonea huu," angesema kutoka kwenye benchi lake, mgongo ukiwa umetugeukia.

Tano, joto. Hapa lazima ujue unanoa chuma gani. Biti za zamani za chuma cha kaboni hulegea zikipata joto. Ukiona ncha imegeuka rangi ya bluu, ugumu umekwisha hapo, inabidi uisage mpaka uipite ile bluu. Hizo zichovye majini mara kwa mara. Biti nyingi za leo zina herufi HSS kwenye shina, chuma cha kasi, kinachostahimili joto la karibu nyuzi 600 bila kupoteza ugumu. Hiki nacho kina tabia yake. Ukikichemsha sana kisha ukakitumbukiza majini ghafla, kinapata nyufa ndogo usizoziona, na siku moja kipande cha makali kitabanduka. Bonyeza taratibu, pumzisha, acha hewa ifanye kazi.

Mwisho kabisa toboa kipande cha chuma kisicho na mwenyewe. Ikitoa maganda mawili yanayojikunja kwa pamoja, moja kutoka kila mfereji, na yanafanana unene, midomo inakula sahani moja. Ikitoa ganda upande mmoja na vumbi upande mwingine, rudi kwenye jiwe.

Hiyo mifereji miwili inayozunguka kama ngazi ya mnara ilipatiwa hataza mwaka 1863 na Stephen A. Morse wa Marekani. Kabla yake mafundi wa huko walitumia zaidi biti bapa kama mkuki, zilizosukuma uchafu wa chuma vibaya. Na kile chuma cha kasi kilitokana na majaribio ya Frederick Taylor na Maunsel White, kikaonyeshwa Paris mwaka 1900. Nayataja haya kwa sababu tunaishika biti kila siku kama kitu kilichoota mti. Kuna watu waliifikiria, wakaipima, wakaandika walichopima. Kwa kuwa waliandika, mtu wa Bukoba miaka mia moja na sitini baadaye anaweza kurudisha ncha ileile kwa nati mbili.

Na huku kwetu je? Hapo mzee alikuwa anakohoa kwanza. Alipenda kutukumbusha kwamba sisi tunaonunua biti ni wajukuu wa watu waliotengeneza chuma. Ni kweli. Katuruka, upande wa Maruku, si mbali na mji, wanaakiolojia wamechimba mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya tangu miaka 2,000 hivi iliyopita. Mwaka 1976 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani waijenge upya tanuri. Ilikuwa kazi iliyokoma miongo mingi nyuma, baada ya chuma cha ng'ambo kuingia kwa bei rahisi. Wazee wakachimba shimo, wakalisakafia kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa, wakajenga tanuri juu yake na kuvukuta. Chuma kikatoka. Mwaka 1978 habari zikachapishwa katika jarida la Science, na wataalamu wakabishana kwa miaka juu ya maelezo ya kisayansi ya namna joto lile lilivyopatikana.

Mimi kilichonigusa si ubishi wao. Ni kwamba ujuzi wa karne na karne ulikuwa umebaki katika vichwa vya wazee wachache, na ungeweza kuzikwa nao pale kijijini bila mtu kujua. Walipoulizwa, walikumbuka. Je, wasingeulizwa? Jiwe la karakana yetu ni kitu kidogo mbele ya tanuri la Katuruka, lakini njia ya kupotea ni ileile: chuma cha dukani kinakuwa rahisi, kijana haoni haja ya kujifunza, mzee anapofuka, kopo chini ya meza linajaa.

Turudi Muleba. Mwezi Desemba 2017 mjomba alikuwa amepona jeraha, akataka mashine iamke, kwa kuwa kina mama walikuwa wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha tatu. Akanunua bamba jipya lililokatwa kutoka chuma cha lori kuukuu. Akanipigia simu mimi, wala hakumpigia fundi mwingine.

"Mpwa wangu, njoo utoboe wewe. Nimebakiwa na vidole vinane, sina vya kujaribia."

Nikaondoka Bukoba na basi la asubuhi, drili kwenye gunia, biti moja ya 10.2, ya milimita 4 za kutangulizia, tepu, chupa ya oili, rula, na nati mbili shingoni. Umeme ulikuwa umeshafika senta. Tundu la kwanza lilitoka kama siagi, maganda mawili yamejikunja. La pili vilevile. La tatu, katikati ya bamba, drili ikapiga yowe. Lile lori la zamani liliwahi kuchomelewa mahali hapo, na doa la chuma kigumu lilikuwa limejificha ndani. Kona za biti zote mbili zikalika, zikawa za mviringo.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya debe, mkono wake wa kushoto ameufunika kwa ule wa kulia kama alivyozoea tangu ajali. Watu walikuwa wamejaa. Mmoja akasema twende tu hivyohivyo, nguvu ikiongezwa itapita. Mwingine akasema nyosha kwa grainda ya mkono, dakika moja. Mjomba hakusema neno. Alinitazama tu.

Nikapanda bodaboda hadi Muleba mjini. Nikamkuta kijana wa rika langu kwenye banda la kuchomelea, ana jiwe la mezani. Nikamsalimu, nikamweleza shida, akanikaribisha. Jiwe lake lilikuwa na bonde katikati ungeweza kupanda maharage. Nikaomba kulisawazisha kwanza, akaona namchelewesha mteja wangu mwenyewe. Hakuwa na kifaa, tukakiazima duka la tatu. Ilichukua karibu nusu saa kabla biti haijagusa jiwe hata mara moja.

Kisha nikanoa. Tatu huku, tatu kule. Nikaiweka kwenye nati, nikaielekeza juani: upande mmoja umeacha upenyo mwembamba kama uzi. Moja tena upande ule. Nikapima kwa rula, midomo milimita 6 na 6. Nikaangalia ule mstari mfupi katikati ya ncha kama umekaa mshazari, maana kwa biti iliyonolewa vizuri hufanya na mdomo pembe ya nyuzi 120 hadi 135. Ulikuwa umekaa. Yule kijana alikuwa amezima mashine yake ya kuchomelea, anatazama.

"Hizo nati ni dawa ya kwenu?" akauliza.

Nikamwambia azitazame vizuri. Akazigeuza mara mbili, akatikisa kichwa, akainama chini ya meza yake mwenyewe akaokota nati mbili.

Tulirudi kijijini saa tisa. Lile doa gumu nililipita kwa mwendo mdogo na oili nyingi, tundu la tatu likaisha, na la nne. Nikapima yote kwa kalipa: 10.2, 10.3, 10.3, 10.2. Tepu ikaingia nzito, jinsi inavyotakiwa, na meno yakatoka marefu, yenye ncha. Bolti zikaingia mizunguko ya kwanza kwa vidole, kisha spana. Wavu wa mkanda tuliufunga kabla injini haijawashwa, mjomba akasimamia mwenyewe. Halafu akaizungusha. Ikalia tu-tu-tu, na glasi ya maji iliyowekwa juu ya bamba ikatetemeka bila kuhama.

Bolti hizo nilizikagua tena baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Zilihitaji kukazwa kama kawaida ya mashine yoyote inayotetemeka. Hakuna iliyong'oka.

Sisi tunaoandika tunapenda sana neno kipaji. Tukisoma hadithi nzuri tunasema huyu amejaliwa, tunafunga kitabu, tunalala. Sina ugomvi na waliojaliwa. Ila tangu yule mzee anipe kamba yake, napendelea kumwuliza mwandishi mzuri swali la karakana: wewe unapimia nini? Unajuaje kwamba upande huu umezidi? Mwenye jibu hunijibu, na jibu hilo naweza kwenda nalo nyumbani. Mwenye kipaji kitupu hunipa mkono tu.

Mzee sasa haoni kabisa. Nilipomweleza habari ya yale matundu manne aliniuliza vipimo, kimoja kimoja, kisha akanyamaza akitafuna kahawa. "Hizo mbili za 10.3," akasema hatimaye, "zilikuwa kabla ya kunoa au baada?" Nikamwambia moja kabla, moja baada. Akaridhika, akaomba maji. Wiki iliyofuata wakaja vijana wawili kutoka Muleba, kila mmoja na gunia la biti, wakamwamkia shikamoo na kukaa naye benchi moja. Aliwaomba mikono, akagusa kucha zao za dole gumba moja baada ya nyingine, akawaambia wasizikate fupi sana.